Mstari Mrefu Ulishindwa

Kura zilikuwa 31, na tulizihesabia ndani ya sufuria ya wali. Tuliiazima kwa jirani, bado inanukia nazi, na mimi nikapewa kalamu kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa mtu wa maneno mengi. Ilikuwa ghorofa ya tatu ya hosteli, saa nne usiku, mwaka wangu wa tatu chuoni. Kundi letu lilikuwa limeongoza chama cha wanafunzi kwa miaka kadhaa, likaangushwa, na mwaka ule lilitaka kurudi kwa hali na mali. Wajumbe walikuwa wamekwisha kupiga kura, wanasubiri chini kwenye ukumbi wa televisheni. Sisi wanne tulijifungia chumbani kuhesabu.

Waliowania kutuwakilisha walikuwa wawili. Mmoja alikuwa msichana wa uhandisi, mtu wa kuuliza maswali yasiyokuwa na majibu mazuri: pesa za mwaka juzi zilikwenda wapi, kwa nini vikao vyetu havina kumbukumbu. Mwingine alikuwa kijana mcheshi, mkarimu, ambaye mjomba wake alikuwa ameahidi kulipia fulana na mabango.

Msichana alipata 17. Kijana alipata 14.

Mkubwa wetu, aliyekuwa mwaka wa mwisho, aliikunja ile karatasi mara mbili akaitia mfukoni. "Tukishuka na hesabu hii," akasema, "tunashuka tumepasuka. Na bila fulana hatufiki popote." Hakuna aliyebisha. Chini ikatangazwa kwamba kijana ameongoza, kwamba idadi haitasomwa ili kulinda umoja, na kwamba sasa sote tusimame tumuunge mkono. Watu wakasimama. Msichana alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, nikaandika kwamba mgombea amepitishwa kwa kauli moja.

Kwenye ngazi alinishika mkono, akaniuliza, "Nilipata ngapi?"

Nikamwambia, "Hazikutosha."

Tulishinda uchaguzi ule. Ningependa kusema kwamba tulishindwa, kisa kikawa na adabu, lakini tulishinda, na yule msichana alizunguka bweni kwa bweni akimpigia kijana kampeni hadi sauti ikakauka. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba ushindi ule ndio uliokuwa jibu.

*

Sasa nasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na tasnifu yangu inahusu uaminifu: kundi letu linatudai nini, na deni hilo linaishia wapi. Swali nililoanza nalo ni hili. Chama kimepoteza madaraka, kinapigania kurudi. Mwanachama anayejua kwamba kura ya ndani imechezewa akisimama na kusema, amekisaliti au amekitumikia? Msimamizi wangu alinishauri nichague mfano mmoja nikae nao. Nikachagua KANU, kwanza kwa sababu habari zake ziko wazi, na pili kwa sababu ya babu yangu.

KANU ilitawala Kenya tangu uhuru mwaka 1963 hadi Desemba 2002. Kijana aliyezaliwa siku bendera ilipopandishwa alifika umri wa miaka 39 bila kuona chama kingine Ikulu. Kisha Mwai Kibaki akapata takriban asilimia 62 ya kura, Uhuru Kenyatta wa KANU akapata 31, na jogoo akaamka yuko upinzani. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata serikali mpya ilikichukua hata kile kituo cha mikutano cha KICC, jengo refu ambamo chama kilikuwa na makao yake kana kwamba limejengwa kwa michango ya wanachama.

Vita vya ndani havikukawia. Mapema 2005 wajumbe walikutana kuchagua mwenyekiti. Uhuru alipata kura 2,980, Nicholas Biwott 622. Ungedhani mambo yameishia hapo. Biwott aliyakataa matokeo, na mrengo wake ukaendelea kivyake hadi Novemba 2006, ulipomtangaza yeye kuwa mwenyekiti. Desemba hiyohiyo Mahakama Kuu ikamrudisha Uhuru, kesi zikaendelea, Juni 2007 mahakama ikamthibitisha. Kwa muda ule chama kikongwe kuliko vyote nchini kilikuwa na wenyeviti wawili, na aliyetaka kujua yupi ni yupi alilazimika kumuuliza wakili.

Maelezo ya kawaida ni kwamba wale walikuwa na uroho wa madaraka. Kwangu hayatoshi. Uroho huo uko katika kila chama, na bado viko vyama ambamo aliyeshindwa hunung'unika wiki mbili kisha akarudi kazini. Kura 2,980 kwa 622 si matokeo ya kubabaisha. Kilichonisumbua ni kwamba namba kubwa kiasi hicho haikuwa na nguvu ya kumaliza ugomvi. Kwa nini hesabu ndani ya KANU haikuwa na uzito?

Jibu sikulipata maktaba.

*

Babu anaishi Kilifi, kwenye nyumba yenye mkorosho mbele na redio dirishani. Alikuwa katibu wa tawi la KANU kwa miaka mingi, ingawa husema hakuwahi kukichagua chama hicho. Ujanani mwake alikuwa mtu wa KADU, chama cha Ronald Ngala, kama Wapwani wengi wa wakati ule. Novemba 1964 KADU ikavunjwa na watu wake wakaingia KANU. "Nililala KADU, nikaamka KANU," husema, na kucheka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mara nyingine huongeza kwamba hakuwa peke yake: Daniel arap Moi naye alitoka KADU, na angalia alivyokuja kuishika KANU kuliko wenye KANU.

Nilikwenda kumhoji likizo ya Aprili. Nilitaka anieleze mwaka 2006, lakini yeye alianzia 1988, nami sikuelewa kwa nini hadi alipomaliza.

Mwaka ule, kama wengi wetu tunavyosimuliwa, Kenya ilikuwa na chama kimoja kwa sheria, na KANU iliteua wagombea wake kwa mlolongo. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Wanachama walipanga mstari nyuma ya mgombea wao au wakala wake, mchana kweupe, wakahesabiwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja, bila kura ya siri kufuata. Watetezi wake walisema hakuna njia iliyo wazi kuliko hiyo, maana mstari kila mtu anauona.

"Nilikuwa nikihesabu mimi," Babu alisema. "Nilitembea na daftari, nikigusa watu mabegani. Huu ulikuwa mrefu, unapinda hadi kule kwenye mnazi. Huu mwingine mfupi, ungeutia ndani ya basi moja na viti vikabaki. Nikampelekea mkubwa daftari. Akalisoma, akasimama, akautangaza mfupi."

"Watu wakafanya nini?"

"Mstari mrefu ulishindwa, mjukuu wangu. Watu wakaenda nyumbani."

"Na wewe, Babu?"

Hakujibu mara moja. Aliokota korosho iliyoanguka, akaigeuzageuza. "Mimi nilikuwa na watoto saba na kazi ya serikali. Ungetaka niseme nini, na nimwambie nani? Polisi ndio waliokuwa wakilinda mistari."

Kisha ndipo akanieleza mwaka 2006. Alipigiwa simu mbili. Mpigaji wa kwanza alisema anazungumza kwa niaba ya mwenyekiti halali, na wa pili alisema vilevile. Kila mmoja alimtaka ahudhurie mkutano wa wajumbe, na kila mmoja alimwonya asihudhurie ule mwingine, maana ni wa wahuni. Babu hakwenda popote. Siku ile alipalilia mihogo. Nilimuuliza kama aliona Biwott ana haki au Uhuru. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa.

"Mimi nilikuwa nimezoea kuambiwa nani amechaguliwa," alisema. "Sikuwa nimezoea kuambiwa na watu wawili."

*

Nimeibeba sentensi hiyo hadi kwenye tasnifu. Nafikiri inasema kile ambacho kurasa 80 nilizokuwa nimeandika hazikukisema.

Kukubali kushindwa si tabia ya kuzaliwa. Hujengwa na mazoea ya kuhesabiwa kwa haki. Ninayeshindwa leo kwa kura chache naweza kumeza machungu kwa sababu naamini kwamba kura zangu zilihesabiwa, na kwamba kesho zikizidi, zitahesabiwa vilevile. Imani hiyo ni kama akiba ya pamoja. Kila mara matokeo ya kweli yanapofichwa "kwa ajili ya umoja", kuna anayechota kwenye akiba ile bila kuandika popote. Chama kikiwa madarakani pengo halionekani, kwa sababu wanaoshindwa wana sababu nyingine ya kunyamaza: kuna nafasi za kugawa, kuna hofu, kuna polisi wanaolinda mistari. Madaraka yakiondoka, vyote hivyo vinaondoka navyo. Inabaki hesabu peke yake, na hesabu haiaminiki na yeyote, hata inapokuwa ya kweli.

Ndiyo maana sioni kwamba KANU iliharibika ilipoingia upinzani. Ugomvi wa 2006 ulikuwa mwangwi wa mistari ya 1988. Kati ya tarehe hizo mbili kulikuwa na fursa za kuanza upya, na zikapita. Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri Desemba 1988 akilalamikia wizi katika uchaguzi wa chama wilayani kwake. Jibu la chama lilikuwa kumfukuza. Mlolongo wenyewe ulifutwa miaka miwili baadaye, lakini mazoea hayafutwi kwa azimio. Machi 2002, katika mkutano mkubwa wa Kasarani ambapo KANU iliungana na NDP ya Raila Odinga, wajumbe kwa maelfu walikaa ukumbini na uongozi mpya ukapita kwa orodha iliyokwisha kuandaliwa. George Saitoti, makamu wa rais, hakuwamo. Miezi michache baadaye Moi akamwonyesha Uhuru kuwa mrithi wake, na waliojiona wamerukwa wakaondoka, Raila, Saitoti na Kalonzo Musyoka miongoni mwao, wakaenda kumpa Kibaki ushindi. Umati wote ule wa wajumbe, na hakuna aliyewahesabu kwa swali lililokuwa na maana.

Ninajua pingamizi, na si dogo. Mwaka 1992 Moi alirudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 tu ya kura, kwa sababu waliompinga walikuwa wamegawanyika. FORD, iliyokuwa na nguvu ya kumwondoa, ilipasuka vipande viwili, FORD-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga na FORD-Asili ya huyohuyo Matiba, na kila upande ulikuwa na hoja nzuri kabisa kuhusu taratibu za kuchagua mgombea. Mwaka 1997 yakawa yaleyale. Kuna miaka mitano, kisha mitano mingine, ambayo wananchi waliilipia ili viongozi wa upinzani wabaki na misimamo yao. Rafiki yangu mmoja wa darasani, akinisikia nasifu ukweli wa ndani ya chama, huniuliza: ungekuwa mwaka 1992 na unajua kwamba neno lako litamwachia Moi kiti, ungesema?

Sijui kama ningesema. Ila naona kwamba swali lake linachanganya vitu viwili. Kuna kukubali kushindwa kwa hiari, ukijua umeshinda au ungeweza kushinda, kwa sababu lengo ni kubwa kuliko wewe. Hiyo ni sadaka, na anayeitoa anastahili heshima. Na kuna kumnyima mwenzako habari kwamba alishinda, kisha kumsifu kwa kukubali kushindwa. Hapo hakuna sadaka, maana sadaka hutolewa na mwenye mali. Yule msichana wa uhandisi angeambiwa, "Umepata 17, lakini fulana ziko kwa mwenzako, tunakuomba umpishe," huenda angekubali. Namfahamu, angeweza kukubali. Tulimwibia kura, halafu tukamwibia na nafasi ya kuwa mkarimu.

Albert Hirschman, katika kitabu chake cha mwaka 1970 ambacho kila mwanafunzi wa siasa hukutana nacho, anasema mtu asiyeridhika na shirika lake ana njia mbili: kuondoka au kupaza sauti, na kwamba uaminifu ndio unaomfanya achelewe kuondoka ili apaze sauti kwanza. Nakipenda kitabu hicho, lakini nikimsoma namfikiria Babu. Mwaka 1988 hakukuwa na chama kingine cha kuhamia, na sauti ilikuwa na bei ambayo baba wa watoto saba hawezi kulipa. Alibaki, akanyamaza, na kunyamaza huko kukaitwa uaminifu na watu waliofaidika nako.

Hapa ndipo ninapolazimika kujitenga naye. Nilipotoka Kilifi nilikuwa na kishawishi cha kusema kwamba mimi na Babu tulifanya kitu kimoja, yeye kwa daftari na mimi kwa kalamu, nikaona raha fulani katika kufanana na mzee. Hatukufanya kitu kimoja. Yeye aliogopa kuwekwa ndani. Mimi niliogopa kwamba watu watatu ndani ya chumba kimoja wangeniona msumbufu, na kwamba nisingealikwa tena kula ule wali. Neno "umoja" lilinisaidia kuipa hofu ndogo jina kubwa.

*

Kuna jambo jingine ambalo lilinichukua muda kuliona. Tunasema KANU ilitaka kurudi madarakani ikashindwa. Lakini tazama waliokuwa ndani yake. Mwaka 2007 Uhuru, akiwa kiongozi wa upinzani rasmi bungeni, aliacha kugombea urais akamuunga mkono Kibaki, rais aliyekuwa akimpinga. Mwaka 2012 akaiacha KANU na kuingia TNA, na 2013 akawa rais. William Ruto, aliyechaguliwa katibu mkuu wa KANU katika uchaguzi uleule wa 2005, akapita ODM, akapita vyama vingine, na 2022 akawa rais kwa UDA. Mwenyekiti alifika Ikulu na katibu wake akafika, kila mmoja kwa chama kingine. KANU yenyewe ilipata wabunge wachache mno mwaka 2013, ikabaki jina na jogoo wake.

Kwa hiyo waliokuwa wakirudi walikuwa watu fulani, na walirudi. Aliyeachwa ni Babu, na kadi yake kwenye bahasha ya kaki. Nilipomwomba anionyeshe, aliileta pamoja na risiti za ada, zimepangwa kwa miaka. Sikuthubutu kumuuliza kwa nini bado anazitunza. Akasema mwenyewe: "Hizi ni hesabu nilizoandika mimi, na ziko sawa."

Kundi letu la chuoni nalo lilikwisha. Mwaka uliofuata ushindi wetu, wakati wa kuchagua mgombea ulipofika tena, kura zilihesabiwa mbele ya wajumbe wote, moja moja, ubaoni. Nilishuhudia, na naweza kuapa kwamba zilikuwa safi. Aliyeshindwa alisimama akasema hazitambui. Alikuwa mmoja wa wale wanne wa chumba cha sufuria. Alijua, kama nilivyojua, kwamba kwetu matokeo hukunjwa mara mbili yakatiwa mfukoni, na hakuna ambaye angeweza kumshawishi kwamba safari hii hayakukunjwa. Wiki ile tukawa na wagombea wawili, makundi mawili ya WhatsApp yenye jina moja, na fulana za rangi mbili. Hatukurudi tena.

Msichana wa uhandisi hakuwania kitu chochote baada ya usiku ule. Siku hizi anafanya kazi Nakuru, kwenye miradi ya maji. Juni iliyopita nilimpigia simu. Nilikuwa nimejiandalia maelezo marefu, yana Moi ndani yake, yana mlolongo na Hirschman. Nilianza na hayo, nikasikia jinsi yanavyosikika, nikayaacha, nikamwambia kilichotokea ghorofa ya tatu.

Alikaa kimya kwa muda. Nilisikia pikipiki ikipita upande wake.

"Mimi nilikuuliza," akasema hatimaye. "Pale kwenye ngazi. Nikaenda nyumbani nikajiambia kwamba watu wananisikiliza lakini hawanitaki. Nimeishi na hilo. Kazini wakisema nani atasimamia mradi, mimi hutazama chini."

Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Aliniuliza kama ile karatasi bado ipo, nikamwambia haipo. Akauliza kama wale wengine watatu watakubali ikitokea wakaulizwa, nikasema sidhani.

"Basi niambie wewe," akasema. "Nilipata ngapi?"

"17," nikamwambia. "Yeye 14."

Akairudia ile namba polepole, kama mtu anayeiandika mahali.